Ukoko wa Bokoboko

Mvua ya vuli mwaka ule ilikuwa na kisirani,
ikipiga mabati ya Majengo usiku kucha.
Mama yuko Makadara, wodi ya wazazi, siku ya tatu,
nami nina miaka kumi na mmoja
na sharti moja tu duniani:
Mselem sitamwita baba.

Nilimwita "wewe".
"Wewe, nataka pesa ya daftari."
Akatoa. Noti zake zilinuka grisi ya kreni,
Kilindini nzima imelala mfukoni mwake.

Kupika hakujua, ila chai ya rangi
na mayai ya kuvuruga.
Lakini mama, mguu mmoja ndani ya tuktuk,
alikuwa amesema, kama anayejisemea:
"Huyu Swabra, kukiwa na baridi, hupenda bokoboko."
Mselem akalishika neno lile.

Akaenda Marikiti na mfuko wa plastiki kichwani.
Akarudi na ngano ya kukobolewa, kilo na nusu,
nyama ya mfupa, mdalasini mrefu kuliko rula yangu,
samli ndani ya chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.
Akairoweka ngano
akaketi kando yake, mikono magotini,
mpaka usingizi ukamchukua pale pale.

Bokoboko si pishi la mwenye haraka.
Ngano ina kiburi, yataka moto mdogo
na ubishi mrefu.
Nilimchungulia kwa tundu la pazia,
ovaroli ya kazini bado mwilini:
akisonga, akibadili mkono, akisonga,
akiuliza ukuta, "Ndiyo kuvutika huku, au bado?"
Bi Time akapaza sauti toka dirisha la pili,
"Mselem! Punguza makaa, waiunguza!"
"Nimepunguza, dada."
Hakupunguza. Harufu ilishamsema.

Tukala mkekani.
Sahani yangu nyeupe, laini,
samli imetuama katikati,
juu yake vitunguu vya kukaanga, vyekundu,
hata kimoja hakikuungua.
Nikamwaga sukari, mlima mzima.
Yeye, wa chumvi na ndimu, hakunikanya.
Alikuwa amekaa upande wa giza,
sahani yake ameikinga na goti,
nami nikasikia meno tu, kwa, kwa, kwa,
nikadhani ndivyo wanaume walavyo.

"Si kama la mama," nikamwambia.
"Naam," akasema. "Kula."

Nilipobeba vyombo kwenda kuosha
sahani yangu ilikuwa na samli, yake na masizi.
Sufuria imekwanguliwa hadi inang'aa,
alama za kijiko zimepita huku na huku.
Nusu ya sufuria iliungua.
Nusu ile aliila yeye.

Ningependa kusema nililia,
au nilikimbia nikamkumbatia.
Niliosha vyombo.
Nikaendelea kumwita "wewe" hadi Ramadhani ya pili,
na siku neno lenyewe liliponitoka
nilikuwa naomba chumvi.

Sasa ni vuli tena.
Mdogo wangu, aliyezaliwa wiki ile,
anainama kupita mlangoni, na tayari ana njaa.
Nina jiko la gesi, nimeliacha,
nimewasha makaa uani chini ya bati,
nasonga, bega linaniuma mahali
ambapo bila shaka lake liliuma.
Mama anaonja, ananyamaza,
na kwa mama huko ni kusifu.

Mselem amebaki na meno matatu.
Tangu usiku ule, miaka yote hii,
kila chungu kikiteremshwa huwahi kusema,
"Ukoko nipeni mimi, mimi naupenda,"
na nyumba nzima ikamwamini.

Leo pia ananyoosha sahani.
Nampakulia la juu, jeupe, lenye samli.
"Na ukoko?"
"Ukoko leo wangu, baba."
Nakaa upande wa giza, nainua goti.

Ananitazama kitambo.
Halafu bila kusema neno
anausukuma mkebe wa sukari
mpaka unagusa sahani yangu.