Kunguru wa Chambo

Kunguru hafugiki, ndivyo tulivyolelewa.
Basi njooni Konde mumwone wangu,
nyuma ya soko, ubavuni mwa jaa,
mwezi wa nne huu namlisha kwa mkono.

Banda la waya na miti ya mkarafuu
Shaame kaliunda kama dema la nchi kavu:
juu lina umio wa fito,
anayeshuka hapandi.
Ndani nimemweka mmoja, wa chambo.
Utumbo wa changu, ukoko wa wali,
maji kwenye kopo la maziwa,
kuti la kivuli, maana kamati ilisema
chambo asiteswe.
Ale, anenepe,
wenzake waone humu mna neema.

Nao huona.
Hujipanga kwenye bati la bucha, shingo za kijivu,
wakajadiliana kama warithi wa shamba moja.
Kisha mmoja hujitosa.
Kisha watatu.

Hatuui mchana. Kunguru hukumbuka sura;
Shaame alijaribu mara moja,
wiki nzima akapita sokoni na sufuria kichwani.
Baada ya isha, tochi moja, watu wawili,
shingo moja moja, upesi.
Sichana hushika daftari:
Jumatatu kumi na tisa. Jumanne sita.
Jumatano mvua.
Kisha shimo.
Chuoni tulisoma kwamba kunguru ndiye
aliyemfundisha muuaji wa kwanza kufukia.
Nikipiga jembe hutamani
mwalimu yule asingesomesha vizuri hivyo.

Mnauliza kwa nini.

Nilikuwa na mkomamanga dirishani.
Chozi akafuma humo kijumba chake,
utando wa buibui, nyuzi za kanga yangu,
mlango mdogo ubavuni kama mfuko wa shati.
Siku makinda yalipofumbua macho
kunguru akaja akakipasua kama bahasha.
Wala hakuwa na njaa, jaa lilikuwa limefurika.
Mama mtu akarudi na mdudu mdomoni
akawa anazunguka pale palipokuwa na mlango
mpaka magharibi.

Vifaranga vyangu kumi na kimoja, hivyo nilishasamehe.
Lakini bibi yangu akimsifu mwari akimwita ninga,
na binti yangu, mzaliwa wa Pemba hii hii,
akaniuliza: mama, ninga ndiyo nini?

Hilo ndilo lililonipeleka kwa sheha.

Sasa daftari linakonda.
Wiki mbili, mmoja. Wiki hii, sufuri.
Juzi alfajiri shore kaimba juu ya bati la bucha
kama aliyelipiwa kodi.
Na kwenye mkomamanga, nisiseme sana,
kuna kanga yangu inafumuka tena upindoni.

Kamati imekaa. Bi Mize akafunga daftari:
"Kazi imekwisha. Amebaki mmoja."
Kila mtu akatazama makubadhi yake.
Hakuna aliyemtaja jina. Hana.
Sikumpa, makusudi.

Naye langu halijui. Anazijua hatua zangu.
Nikifika hushuka kwenye fito
akatoa sauti fupi, ya chini,
ambayo hakuwahi kuwapa wenzake.
Nilidhani ni njaa. Jana nikaenda mikono mitupu,
akaitoa vile vile.

Kosa si lake. Wazee wake, wasema watu,
waliletwa kwa meli wale taka za wakubwa,
hapana aliyewauliza.
Taka tungali tunatupa.
Wete wamejaa, na huku si mbali kwa mwenye mbawa.
Shaame asema: mwache, tutamhitaji.
Sichana asema: tuliyowafanyia wenzake, naye tumfanyie.

Leo baada ya isha nimechukua tochi.
Nimechukua na utumbo wa changu.
Nimesimama mlangoni pa banda sijawasha,
na ndani, gizani,
kabla sijakohoa,
ananiitikia.