Hodi ya Tatu

Mkunungu una miiba hadi kwenye shina,
minene, butu, kama chuchu za mbwa anyonyeshaye.
Shangazi Somoe hagusi gamba lake kabla ya kubisha.
Hodi, anasema. Anahamia upande wa macheo:
hodi.
Na ya tatu chinichini, kama mtu ajuaye
kuna mgonjwa amelala ndani.
Nilikuwa na miaka tisa, kikapu mkononi,
ukungu wa Rondo umenilowesha kope,
nikacheka: mti una nani wa kuitika?

Sasa nalipwa kulijibu swali hilo.
Chumba changu kiko Lindi mjini, nyuma ya stoo ya hospitali,
feni moja, jokofu linaloguna umeme ukirudi.
Naosha jani kwa maji ya bomba,
nalizamisha kwenye spiriti, nahesabu hadi sitini,
kisha jiki, kisha maji safi mara tatu,
kama aoshwavyo maiti.
Kila kilichokaa juu ya ngozi kimekufa.
Tone la suuzo la mwisho nalipa kisahani chake peke yake:
lisipootesha kitu,
basi kitakachoota kwenye jani kimetoka ndani.

Siku ya tano. Kisahani cha tone, kitupu.
Lakini kandokando ya jani, pale wembe ulipopita,
nyuzi nyeupe zinachungulia
kama wenye nyumba waliosikia mlango ukivunjwa.

Ukungu. Lugha yetu haikujihangaisha:
neno moja kwa kile kinachoshuka Rondo alfajiri
na kile kinachoota kwenye mkate.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe alilishika jani lingali limekunjwa,
analima gizani, katikati ya nyama ya jani,
hamli mwenyeji wake,
anapika uchungu ambao huenda ndio
tuliokuwa tukiuita uchungu wa mkunungu.
Huenda. Kwenye daftari nimeliandika neno hilo mara kumi na moja.

Jumatano Shangazi alishuka na gari la Mnara.
Nikampa kisahani. Akakishika mbali na macho.
"Huyu? Mbona kama kiporo cha ugali?"
"Ndiye."
"Jina lake?"
"Kumi na saba."
Akanitazama kama niliyemwita mtoto wa watu "we."
"Na ule mti wa kando ya barabara, unaokula vumbi la malori?"
"Visahani vyake vyote vinne, vitupu."
"Nilikwambia ule hauponyi. Ukaninunia."

Sikumuuliza hodi ya tatu ilikuwa ya nani.
Alikwisha kukiinamia kisahani,
kiganja juu ya kifuniko, hakigusi,
midomo yake ikitembea bila sauti.
Kisha akanyoosha mgongo,
akaniomba nauli.