Mpishi wa Moshi

Mama alipewa sufuria kumi na sita,
kuni mbichi, na amri moja: pika moshi.
Si ugali. Moshi.
Unga, alisema kamisaa mwenye jino la fedha,
unaliwa na walio hai, huko waliko,
na huko waliko usiulize.

Mwendo wa saa moja nyuma ya Kitaya,
pale mteremko unapoanza kuinusa Ruvuma,
palikuwa na kambi ya watu mia tatu.
Watu wake tulikuwa watano:
Mama, mimi, mapacha wa Namkanda,
na Akundonde, mguu mmoja mfupi,
mpuliza filimbi ya alfajiri kwa jeshi lisiloamka.

Mapacha walipewa buti, kila mmoja jozi nne,
wavae kwa zamu, waende mtoni na kurudi,
waende na kurudi,
hadi njia ikaota upara.
Mimi nilianika sare. Asubuhi naanika, jioni naanua,
nguo zisizojua jasho la mtu.
Ikafika siku nikaanza kuzipa majina.
Ile iliyochanika kwapani nikaiita Shemeji.

Aliyetakiwa kuyaona haya ni Nachundu,
muuza chumvi, mwenye baiskeli isiyo na breki.
Mchana alikuwa wetu. Usiku wa manane
alivuka maji kwenda kuwasimulia Wareno.
Tulijua.
Hakujua kwamba tunajua.
Vita yangu mimi ilikuwa hiyo tu:
Mama kumsogezea kigoda,
kumwuliza kama mkewe kajifungua salama,
kisha kuguna, kama aliyeponyokwa na neno,
"Haitoshi hii, ndugu yangu. Watu wanakula hawa!"

Macho yake yalizunguka meko.
Midomo ilitulia. Kidole gumba ndicho kilichotembea,
kikigusa wenzake, mmoja, mmoja,
hadi kumi na sita.

Mkewe alikuwa kajifungua, kweli. Mtoto wa kike.
Mama akaingia ndani, akatoka na kanga,
akamwambia, kambebeeni.
Hiyo haikuwamo katika amri.

Ndege zilikuja Jumanne.
Tukiwa handakini tulisikia sufuria zikilia kama mbuzi.
Kumi na nne zilikufa. Shemeji
nilimwokota kifungo kimoja.
Wale mia tatu, usiku uleule, mbali kabisa na sisi,
walikuwa wamevuka kimya, na unga wao.

Kamisaa alicheka, jino likawaka.
Akatugawia sukari.
Tulishinda, sikatai.
Wajukuu wakiuliza nawajibu hivyohivyo: tulishinda.

Ila ng'ambo nako kuna watu wanaojua kuhesabu,
na aliyewauzia kambi tupu
hawakumdai kwa mdomo.
Ijumaa Nachundu hakuja.
Ijumaa ya pili
mapacha waliikuta baiskeli kwenye matete, gurudumu juu.

Mkewe akatufikia mwezi ulipoandama,
mtoto mgongoni, ndani ya kanga ile.
Hakuja kulia. Alikuja kudai deni:
vibaba kumi na viwili vya chumvi
tulivyokopa kwa ajili ya watu wasio na vinywa.
Mama akalipa. Alizihesabu senti mara mbili,
akamsindikiza hadi njia panda, hawakusemezana.

Jioni nilimkuta jikoni.
Kuni zilikuwa kavu, za mkorosho, moto mweupe, safi.
Alikuwa anafuta macho.
Nikamtazama.
"Moshi," akasema.