Godoro la Maua

Katika ile picha, Kyakimwa anakimbia.
Ndivyo yasemavyo maandishi madogo chini yake:
mama asiyejulikana, Goma, akiuhama mji.

Nilikuwepo, pale Ndosho. Nilishika bidoni ya pili,
ile iliyokatwa ukingoni mwa picha
ukabaki mkono tu, mkono wangu, bila mimi.
Hakuwa akikimbia. Alikuwa anarudi.
Siku tatu chini ya hema la watu zilimtosha;
akasema, kama ni kufa nitafia penye sombe yangu,
akajitwika godoro, akaelekea nyumbani.
Mizinga ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri.

Kijana wa kamera akapiga goti juu ya mawe meusi ya volkano,
akamwomba kwa Kifaransa asicheke.

Maana alikuwa anacheka.
Nilikuwa nimemwambia godoro limemkaa kama kofia ya askofu.

Tukangoja kicheko kiishe.
Jua likamwingia machoni, akakunja uso,
kamera ikalia ka!
Mkunjo ule wa jua
ndio dunia iliouita majonzi.

Sisemi vita havikuwepo.
Nyuma ya yule kijana, upande ambao hakugeuka,
palikuwa na viatu vya mtoto, jozi moja,
vimepangwa sawasawa
kama vya mtu aliyeingia msikitini.
Hakuna aliyevipiga picha.
Mimi nami sikuvitazama mara mbili.

Miezi ikapita. Wifi yake Kahindo, wa Katindo,
akaiona picha kwenye simu ya mpangaji.
Hakulia. Akaikuza kwa vidole viwili:
maua mekundu, kiraka cha buluu pembeni.
"Kumbe godoro langu analo huyu!"
Akaja kwa miguu, jua la saa saba.
Waligombana hadi majirani wakatoka na watoto mgongoni,
kisha wakachoka, wakakaa juu ya godoro lenyewe
wakateta habari za mume wa mtu mwingine.

Hiyo haina picha.

Sasa bunduki zikilia popote Kivu,
hata mbali, hata mahali tusipopajua,
wanamtoa Kyakimwa, wanamrudisha barabarani.
Jana usiku wamemkimbiza tena kwenye taarifa ya habari.
Yeye yuko uani, anaanua nguo.
Nikamwita aje ajione.
Akasimama mlangoni, kanga begani, vibanio mdomoni,
akatazama mpaka walipohamia mpira.

"Ile bidoni," akauliza,
"tuliipeleka wapi?"