Chini ya Zulia, Mtaa wa Sita

Tulipolikunja zulia, Mama Nantege,
lilitoa pumzi kama mgonjwa:
miaka ishirini ya vumbi, chai iliyomwagika,
gundi iliyokataa kufa.
Wasswa alipiga chafya mpaka akatoka nje.
Lori mbili ziliondoka nalo, wala sikuuliza ziendako.
Kilima cha taka nacho kina watu wanaolala chini yake.

Ukanifungulia picha ya vigae.
Vyeupe, vya ng'ambo,
vimevuka bahari, vimepanda lori Mombasa,
vimepita Malaba mbele ya nyumba ya dada yangu.
Ukasema: bandika.

Nikasema: ngoja.

Mimi Owori ni mtoto wa Tororo.
Baba alirudi kazini nyusi zimejaa saruji,
tukimwita babu kabla hajawa babu.
Najua jiwe linavyopungua mlimani,
najua tanuri lisilolala linavyokula.
Sitakudanganya kwamba zege halina dhambi.
Hata mchanga wake ulitoka kinamasini,
pakabaki shimo, na chura wake.
Lakini deni hilo lilikopwa zamani,
hujaolewa, sijaota ndevu.
Limelala hapa, unene wa kiganja,
zima, gumu, halidai mtu.
Ukilifunika
unakopa tena ili ufiche ulichokopa.

Ulicheka. Ukanipa wiki mbili.

Mashine ikanguruma, meno ya almasi, maji kidogo.
Uji wa kijivu tuliuchota kwa ndoo, tukauacha ukauke.
Mtaroni, hapana:
mtaro unaishia Nakivubo,
na Nakivubo inaishia kikombeni mwako.

Siku ya tatu kokoto zikafungua macho.
Moja rangi ya njugu, moja rangi ya maini,
moja nyeusi kama mboni ya mbuzi.
Hakuna fundi aliyezipanga.
Ni koleo tu, na haraka ya mtu aliyetaka kwenda kula.

Karibu na mlango tulimkuta kaloli.
Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
hatua nne, kisha hakuna:
aliruka.
Zege lilikuwa bichi, yeye alikuwa na njaa,
na mashine ilipita juu yake isimfute.
Injinia akasema: ziba.
Wewe ukachuchumaa na sketi yako ya benki,
ukaupima unyayo kwa kiganja,
kiganja kikapwaya.
"Mwacheni," ukasema, "huyu ni mpangaji wa kwanza."

Sasa saa nne asubuhi
mwanga unaingia dirishani, unateleza sakafuni,
unafika mpaka kwa mhasibu wa nyuma kabisa
ambaye hakuwahi kujua mvua imeanza.
Taa kumi na nne; tisa zinalala.
Kyomugisha anapiga deki kwa maji na sabuni kiasi cha kijiko,
kile kikohozi chake cha Jumatatu sijakisikia tena.
Mchana, jua likipasua mabati ya jirani,
mtoto wa mteja hulala kifudifudi,
shavu kwenye ubaridi,
akizihesabu kokoto, akikosea, akianza upya.

Bili ya umeme ilipofika ulinipigia simu.
Hukusema asante.
Uliuliza tu:
"Owori, lile ghala langu la Namuwongo,
unadhani chini ya zulia kuna nini?"