Mti Haukutambulika

Kabati la mia mbili na tatu, droo ya chini.
Nalitoa kwa mikono miwili
kama mtu anayepokea kichanga cha jirani.
Nje, Edinburgh imejifunga ukungu,
bomba la joto linakohoa ukutani.

Ua hili halina jani. Halikuwahi kuwa nalo.
Limekauka rangi ya chai iliyosahauliwa,
limeshonewa karatasini kwa uzi mweupe,
na chini yake wino wa 1911:
Kisiwani, bondeni, juu ya mzizi wa mti.
Mti haukutambulika. Mvua kubwa.

Mvua aliikumbuka!

Kwetu mmea wa namna hii ni kirukia,
mdandiaji, mla vya wenzake,
mgeni aliyepitisha siku ya tatu
na jembe hakupewa.
Mama alicheka kwenye simu:
"Umevuka bahari zote hizo
ukamlinde mdoezi?"
Nikanyamaza. Kwenye basi namba ishirini na saba
nimewahi kuitwa hivyo hivyo, kwa lugha ya hapa.

Mbegu tunazo, lakini. Alizileta Ishbel,
kijiko kimoja, safari yake ya mwisho kule,
alipokwangua matunda makavu kati ya visiki.
Ndogo kama vumbi la unga,
zimelala kwenye friza, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Tumejaribu udongo, tumejaribu samadi, maji ya mvua.
Haziamki. Mbegu hii haisikii maji;
husikia mzizi, mzizi wa ukoo mmoja tu,
ukipita gizani na harufu yake.
Hapo ndipo hubisha.
Basi tuna hodi elfu arobaini ndani ya chupa,
na wa kuitikia karibu
alishakuwa mkaa, au mlango wa mtu,
au kitanda.

Ukipenda boga, penda na ua lake.
Sisi tulilipenda ua.
Boga hatukuliuliza jina.

Mwezi wa nne Ishbel alinivuta mkono
hadi bonde la Colinton, njia ya tope, mto ukipiga makelele.
"Piga magoti," akasema, naye magoti yake
yakalia kama bawaba.
Chini ya mti wa kokwa, kwenye majani yaliyooza,
ardhi ilikuwa imeota meno:
maua meupe yenye haya ya waridi,
bila tone la kijani.
Mti wenyewe mzima, unachipua,
wala haukuonekana kulalamika.
Nilitaka kufukua, nione wanaposhikana.
Ishbel akanizuia kiganja.

Tulirudi na tope magotini.
Jioni, kwenye daftari, niliuandika mti kwanza:
unene wake, gome lake, upande unaoegemea,
nani jirani yake.
Ua nikaliandika baadaye,
mstari wa mwisho, herufi ndogo.

Mvua ilikuwepo. Sikuiandika.