Thelathini

Torunn anakokotoa jikoni, Bodø,
saa tisa mchana, nje giza tayari.
1013 kutoa 983: thelathini.
Mara futi ishirini na saba.
Mia nane na kumi.

Jana alijumlisha.
Jana, kwa kosa la alama moja, kalamu yake
iliua abiria wanne na rubani.

Altimita haikudanganya: ilisoma elfu tatu
kwa hewa nzito ya uwanja walikotoka,
haikuambiwa kwamba huku mbele hewa imekonda.
Ndege ilikuwa 2190.
Mlima, 2400.

Mtihani unataka namba tu,
kisanduku kimoja kitiwe alama.
Ila Torunn, kahawa imeshapoa,
anazungusha hewani kitufe kisichokuwepo,
taratibu, kwa vidole viwili,
mpaka sindano ishuke,
ikiri.